Kuifikia Kompyuta ya Nyumbani Ukiwa Nyuma ya Seva ya Proksi



Wengi wetu tunaohudumia watumiaji wa kompyuta maofisini tumelisikia lalamiko hili: "Nimefungua poti kwenye ruta ya nyumbani, lakini nikiwa kazini kompyuta yangu haipatikani." Lawama zote hutupiwa proksi. Kwa maoni yangu, proksi inastahili nusu tu ya lawama hizo. Nusu nyingine iko nyumbani, na ndiyo ngumu zaidi kuitatua.

Tuanze na ofisini. Mashine iliyo nyuma ya proksi haina njia yake yenyewe ya kutoka nje. Huituma proksi kama ofisi inavyomtuma tarishi, na tarishi huyu anaelewa lugha ya HTTP tu. Remote Desktop ya Windows hutumia poti 3389, VNC 5900 na SSH 22. Zikiachwa kama zilivyo, faiawoli inazizuia zote tatu.

Upenyo umetokana na tovuti za https. Kwa kuwa mazungumzo yake yamesimbwa, HTTP iliwekewa amri iitwayo CONNECT. Kivinjari kinaiomba proksi ikiunganishe na anwani fulani, poti 443. Proksi ikikubali hujibu 200, kisha hupitisha data kwenda na kurudi bila kuigusa. Ikikataa hujibu 403. Ikijibu 407 haijakataa, inataka kwanza jina na nywila yako. Wengi hukata tamaa hapo bure. Squid, proksi ya siku nyingi ambayo wengi wenu mnaifahamu, kwa mipangilio inayokuja nayo huruhusu CONNECT kwenda poti 443, si 22. Basi aliyeiacha seva yake ya SSH kwenye poti 22 atagonga mwamba, na aliyeihamishia 443 huenda akapita.

Kwenye PuTTY kazi ni ndogo. Katika Session unaandika anwani ya nyumbani na poti 443. Ukishuka hadi Connection, kisha Proxy, unachagua HTTP na kuandika jina la proksi ya ofisi pamoja na poti yake, ambayo kwa Squid kwa kawaida ni 3128. Ukishaingia, unaweza kuipitisha Remote Desktop ndani ya SSH hiyo hiyo: poti ya mashine ya ofisini, tuseme 3390, unaielekeza hadi 3389 ya nyumbani, kisha unaunganisha kwenye localhost:3390. Angalieni tu toleo, kwani Windows Home haipokei Remote Desktop, inatakiwa Pro. Na anayetaka faili moja asihangaike kuvuta skrini nzima. SFTP inamtosha, na bando litamshukuru.

Zipo proksi zisizodanganyika. SSH hujitambulisha kwa maandishi ya wazi yanayoanza na SSH-2.0 kabla ya kusimba chochote, hivyo proksi inayokagua kinachopita kwenye 443 itaona kuwa hii si https na kukata. VPN ya WireGuard nayo haifai hapa kwa sababu hutumia UDP, ambayo CONNECT haiipitishi. OpenVPN inaweza kupita ikiwekwa kwenye TCP, ingawa kasi hushuka.

Sasa twende nyumbani. Anwani za IPv4 ni takriban bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na AFRINIC, inayozigawa Afrika, iliingia awamu ya mwisho ya kubana mgao mnamo Januari 2020. Ndiyo maana makampuni mengi ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kipimo chake ni rahisi. Fungua ukurasa wa ruta, tazama anwani ya upande wa WAN. Ikiwa inaanza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, huna anwani ya umma, na hata ufungue poti mpaka kesho hakuna atakayeingia kutoka nje.

Dawa ni kuacha kuifuata mashine ya nyumbani. Iache yenyewe itoke. TeamViewer na Chrome Remote Desktop hufanya hivyo: pande zote mbili hutoka na kukutana kwenye seva ya katikati. TeamViewer hujaribu kwanza poti 5938, ikizuiwa hurudi 443. Asiyependa kutegemea kampuni anaweza kukodi seva ndogo yenye anwani ya umma, na mashine ya nyumbani ikaishika muda wote kwa ssh -R, inayofungua kwenye seva hiyo poti ya kurudi nyumbani. Mimi napendelea njia hii, kwa kuwa funguo zote zinabaki mikononi mwa mwenye mashine.

Lakini ssh -R hiyo hiyo ikiendeshwa kutoka ofisini inaweza kumfungulia mtu wa nje mtandao wa ofisi. Woga wa wasimamizi wa mitandao si ukali wa bure. Ombeni ruhusa kwa maandishi. Kwa Tanzania kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, iliwataka wanaotumia VPN kuzisajili. Poti 3389 msiianike kamwe kwenye intaneti: kasoro ya BlueKeep ya Mei 2019 ilikuwa nzito kiasi kwamba Microsoft ilitoa kiraka hata kwa Windows XP, iliyoacha kuhudumiwa 2014. Kwenye SSH, zimeni kuingia kwa nywila na mtumie funguo.

Halafu kuna umeme. Mashine iliyolala haiitiki, na Wake-on-LAN kwa kawaida haivuki intaneti. Zimeni usingizi kwenye mipangilio ya Windows, kisha ingieni kwenye BIOS na mtafute kipengele cha kuiwasha kompyuta yenyewe umeme unaporudi. Ruta nayo iwekeeni betri.