Simu Yako, Ufunguo wa Nani?



Leo tuzungumze habari ya simu za mkopo. Unatoa pesa kidogo dukani, unapewa simu, halafu unalipa kila siku. Ukikosa kulipa, simu inajifunga. Haijaharibika. Ndani yake mna programu, yaani maagizo yanayoiendesha simu, na hiyo inamtii aliyekukopesha, siyo wewe. Mtindo huu si mgeni. Kule Kenya, mwaka 2012, kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza taa za umeme wa jua namna hiyo: hulipi, taa haiwaki.

Jirani yangu muuza machungwa alichelewa kulipa siku mbili tu. Simu ikafungwa. Namba za wanunuzi wake wa Tanga mjini zote zilikuwa mle ndani. Machungwa yakaoza uwanjani. (Nilimwambia zamani aziandike daftarini. Kisomo cha nini basi?)

Je, ni haki? Mimi nasema deni ni deni. Aliyekopesha anaweza kufunga, lakini akwambie mapema, na mkataba usomwe na wewe mwenyewe kabla ya kutia sahihi. Ila ukimaliza kulipa, simu ni yako yote. Ukishanunua nyumba, mwenyewe wa zamani habaki na ufunguo! Siku ya malipo ya mwisho usitoke dukani mpaka kufuli limeondolewa mbele ya macho yako, na risiti iko mkononi.

Jirani yangu alimaliza deni, kufuli likabaki. Alirudi mara tatu ndipo wakaliondoa.