Barafu Haimrejeshi Maiti



Tarehe 12 Januari 1967, huko California, Marekani, alifariki mwalimu wa chuo kikuu aitwaye James Bedford. Hakuzikwa. Mwili wake uligandishwa kwa tamaa kwamba siku moja elimu ya wanadamu itamfufua. Tangu hapo wengine wamefuata njia hiyo, wakihifadhiwa katika baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Wala hajainuka hata mmoja.

Hatuwacheki. Kuupenda uhai ni maumbile ya mwanadamu. Lakini twauliza: mjane wa mtu huyo akae eda, au angoje? Mirathi igawanywe, au ifungwe? Deni lake litalipwa lini? Hapa kwetu Kondoa maiti huoshwa, hukafiniwa, huswaliwa na huzikwa upesi, na haki hizo zote zikapata njia.

Sura ya Al-Baqara yatusimulia habari za mtu aliyefishwa miaka 100, kisha akafufuliwa. Chakula chake hakikuharibika, na hapakuwa na barafu. Punda wake alikuwa mifupa mitupu, nayo ikaunganishwa na kuvikwa nyama naye akitazama. Basi Mwenye kuhuisha hahitaji mwili uliotunzwa.

Ndugu zetu, tusihangaike na kuhifadhi nyama. Tulipe madeni, tuandike wasia, tuwazike wafu wetu bila ya kuchelewa. Mwenyezi Mungu atujaalie mwisho mwema. Amin.