Diwani Si Mfadhili

Hotuba iliyotolewa katika semina ya waumini kuhusu haki na wajibu wa raia, Nairobi



Mmeniomba nimzungumzie mtu ambaye msimu wa kampeni tunamwita mheshimiwa, na miaka inayofuata tunamwita majina ambayo siwezi kuyatamka mbele ya madhabahu. Huyu ni mwakilishi wadi, au kama wengi wetu tulivyozoea kumwita, diwani. Nina ombi moja tu leo: tuache kumwuliza mgombea atatupa nini, tumwulize atafanya nini akishakalia kiti kile.

Naomba nianzie nyuma kidogo, kwa kuwa wengi wenu hamkuwa mmezaliwa. Mwaka wa 1983 serikali iliwaondoa madiwani wa Baraza la Jiji la Nairobi, ikalikabidhi jiji kwa tume iliyoteuliwa. Kwa karibu miaka 10 mkaaji wa Mathare au Kariobangi hakuwa na diwani. Taka ziliporundikana, hakuwa na mtu aliyemchagua ambaye angemdai majibu. Mei 1990, vibanda vya Muoroto vilipobomolewa, wenye vibanda hawakuwa na mjumbe wao wa kusimama barazani na kuuliza ni nani aliyetoa amri. Miongoni mwa waliothubutu kupaza sauti walikuwa viongozi wa makanisa.

Kifungu cha 2A cha katiba ya zamani kilifutwa Desemba 1991, na baada ya uchaguzi wa tarehe 29 Desemba 1992 madiwani walirudi barazani, wengi wao wakiwa wa upinzani. Tulishangilia. Lakini punde si punde tuligundua kwamba tumepewa kiti bila meno. Waziri wa Serikali za Mitaa aliweza kuteua madiwani zaidi juu ya wale tuliowachagua, na mkono wake ulifika hadi kwenye fedha za baraza. Diwani asiyeweza kutenda mengi alijitafutia jina kwa kutoa: leo bati, kesho jeneza, kesho kutwa karo. Kwa maoni yangu, hapo ndipo tulipoanza kumpima diwani kwa uzito wa mfuko wake.

Ndugu zangu, kiti kile kimebadilika, ila sisi hatujabadilika. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ilianzisha serikali za kaunti, na tangu uchaguzi wa Machi 2013 Nairobi ina wadi 85, kila moja na mwakilishi wake. Mjumbe huyo ana kazi ya kutunga sheria za kaunti, ya kuidhinisha mipango na bajeti, na ya kuichunguza serikali ya kaunti ili ajue fedha zimekwenda wapi. Hizi si nguvu za maandishi tu. Desemba 2020 bunge la kaunti ya Nairobi lilipiga kura ya kumwondoa gavana, na Seneti ikaidhinisha uamuzi huo. Ni nani kati yetu, mwaka wa 1985, angeota kwamba wawakilishi wa mitaa wangeweza jambo kama hilo?

Basi kwa nini mwenye nguvu hizo bado anakuja kwetu na gunia la unga? Kwa sababu sisi tunalipokea. Tunajifariji kwa methali, tunasema mkono mtupu haulambwi. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka wa 2016 haikuficha jambo hili: anayetoa hongo ana hatia, na mpiga kura anayeipokea ana hatia vilevile. Nasi wasomaji wa Biblia tunamkumbuka Esau na bakuli lake la dengu. Njaa yake ilikuwa ya kweli, na hata hivyo hasara yake ilikuwa ya kweli zaidi.

Sisemi haya kama mtu aliye msafi. Niruhusuni niungame. Katika mtaa wetu, msimu mmoja wa kampeni, mgombea ambaye sitamtaja alileta tangi kubwa la maji na kulisimamisha karibu na kanisa. Jumapili iliyofuata alifika ibadani, akatoa mchango wa mabati ya paa letu. Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya ujenzi. Mkono wangu huu ndio ulioandika risiti, na tulimpa nafasi ya kusalimia watu kutoka mimbarini. Alichaguliwa.

Tangi lile halikuwahi kupata maji, kwa maana hakukuwa na bomba la kulifikia. Akina mama waliendelea kununua maji kwa mtungi. Baada ya mwaka mmoja walikuja kwa kamati yetu, wakaomba kanisa liandike barua kwa mheshimiwa. Tulitazamana. Mzee mmoja akasema, "Tutamwandikiaje mtu aliyetuezekea?" Nami nilinyamaza. Siku hiyo ndipo nilipotambua ni nini hasa kilichonunuliwa kwa mabati yale.

Akina mama hawakutungoja. Waliuliza siku ya kikao cha wananchi kuhusu bajeti ya kaunti, wakaenda, wakaomba kuonyeshwa mradi wa maji wa wadi yetu ulipoandikwa. Haukuandikwa popote. Mjumbe wetu alikuwa ameleta tangi, lakini hakuwa ameuombea bomba hata shilingi moja mahali ambapo bomba huombwa. Walirudi mwaka uliofuata wakiwa wengi zaidi, na fedha zikatengwa. Bomba lenyewe halijamalizika, wala sitawadanganya kwamba limemalizika. Limefika nusu ya njia, na bado tunalidai.

Kutokana na funzo hilo, naomba kila mgombea wa wadi, awe wa chama tawala au wa upinzani, aulizwe maswali haya matano hadharani.

La kwanza: Je, unayotuahidi ni kazi ya kaunti? Zahanati, taka, masoko, barabara za mitaa, taa za barabarani, shule za chekechea, maji na maji taka, hayo ni ya kaunti. Polisi na vyuo vikuu si vyake. Anayekuahidi chuo kikuu kwa tikiti ya wadi ama haijui kazi anayoiomba, ama anadhani wewe huijui.

La pili: Ni mambo gani matatu utakayoyatanguliza, na ni yapi yatakayongoja? Anayetanguliza yote hatangulizi lolote.

La tatu: Utayaingiza lini katika mipango? Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka wa 2012 inataka mpango wa maendeleo wa mwaka ufikishwe katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Mgombea asiyezijua tarehe hizo ataleta matangi tu.

La nne: Utamchunguzaje gavana, hasa akiwa wa chama chako? Tulidai vyama vingi ili serikali iulizwe maswali. Mjumbe anayenyamaza kwa sababu ya rangi ya chama anaturudisha kule tulikotoka.

La tano: Utarudi kwetu mara ngapi kutoa hesabu, na mahali gani? Basari za kaunti, kwa mfano, ni fedha za umma. Orodha ya waliozipata yafaa isomwe mbele ya watu, wala hakuna mzazi anayepaswa kumpigia mtu magoti kwa ajili yake.

Ndugu waumini, wajibu huu unaanzia nyumbani mwa Bwana. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu la Katoliki la Nairobi alikataa michango ya wanasiasa iliyotolewa katika parokia mojawapo, na kuagiza irudishwe. Wako waliosema amewanyima maskini. Mimi niliyeandika risiti ile nasema aliwarudishia maskini sauti yao. Hivyo napendekeza kila kanisa lililowakilishwa hapa liazimie leo: lisipokee harambee ya mgombea, lisimpe mimbari, bali liwape wagombea wote ukumbi mmoja, siku moja, wajibu maswali sawa. Majibu yao yaandikwe na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo, na yabaki pale miaka mitano. Ahadi ni deni, na deni lisiloandikwa husahaulika.

Katiba inalitaka bunge la kaunti lifanye vikao vyake hadharani na kuwashirikisha wananchi. Mlango huo uko wazi. Wapo waliopigwa virungu, waliofungwa na waliokufa ili ufunguliwe. Tusiwaaibishe kwa kubaki nje tukisubiri unga.

Nehemia, kabla ya kusema neno lolote juu ya ukuta wa Yerusalemu, alitoka usiku akaukagua, akajua palipobomoka. Nasi twende tukaikague mitaa yetu, tuandike palipobomoka, kisha ndipo tumwite mgombea.