Okestra na Msikilizaji Mpya: Mazungumzo kwa Watu wa Meru na Embu



Hapana mtu wa Meru wala wa Embu anayehitaji kufundishwa kwamba muziki ni kitu cha maana. Wapigaji ngoma wa Chuka wamejulikana kote Kenya kwa ngoma zao ndefu, ambazo mpigaji huzibana katikati ya mapaja, akapiga huku akicheza. Aliyewaona hawezi kusahau namna watu wengi wanavyokuwa kama mwili mmoja. Kwa hiyo mazungumzo haya hayahusu watu wasiojua muziki. Yahusu watu wanaojua muziki wao barabara, lakini hawajapata kuketi mbele ya okestra, na pengine waogopa kwamba wataona haya wakiingia katika jumba lake.

Okestra ni nini? Ni kundi kubwa la wapigaji, mara nyingi kati ya watu 60 na 100, waliogawanyika katika jamaa nne. Jamaa ya kwanza ni ya nyuzi: fidla, viola, selo na besi kubwa, ambazo hupigwa kwa upinde. Ya pili ni ya vyombo vya kupulizwa kama filimbi, obo, klarineti na basuni. Ya tatu ni ya vyombo vya shaba, yaani tarumbeta, baragumu, tromboni na tuba. Ya nne ni ya ngoma na vyombo vingine vya kugongwa. Vyombo hivi si vigeni vyote katika Afrika ya Mashariki. Zumari ya pwani ni ndugu ya obo, maana zote mbili hulia kwa ulimi wa tete uliokunjwa mara mbili. Na fidla imepigwa katika taarabu ya Unguja kwa miaka mingi. Kikundi cha Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kingalipo hata leo.

Yafaa kufahamu pia kwamba tamasha la muziki unaopendwa na wengi, lililopangwa kwa ajili ya wageni wa okestra, si jambo la kudharauliwa. Mwaka 1895, katika mji wa London, Bwana Robert Newman alianzisha matamasha katika jumba lililoitwa Queen's Hall, na kijana Henry Wood akawa kiongozi wa okestra. Newman aliona kwamba watu wa kawaida hawaendi kusikiliza kwa sababu mbili: bei ni kubwa, na muziki waonekana mgumu. Kwa hiyo mahali pa kusimama palitozwa shilingi moja tu. Na muziki ulipangwa hatua kwa hatua, vipande vyepesi vinavyopendwa vikitangulia, na vile vizito vikifuata polepole kadiri masikio yanavyozoea. Jumba lile liliangamizwa kwa mabomu mwaka 1941, lakini matamasha yale yanaendelea hata sasa katika Royal Albert Hall. Fikira ya Newman ndiyo inayofuatwa kila mahali panapoalikwa wasikilizaji wapya.

Je, msikilizaji mpya atarajie kusikia nini? Kwanza, pana uwezekano mkubwa wa kusikia kipande cha Beethoven, Simfoni ya Tano, iliyopigwa kwa mara ya kwanza mjini Vienna tarehe 22 Desemba 1808. Huanza kwa sauti tatu fupi za haraka na moja ndefu. Mtoto yeyote wa Chuka aweza kuzigonga juu ya goti lake baada ya kuzisikia mara moja. Ajabu ni kwamba kutokana na mbegu hiyo ndogo Beethoven alijenga muziki wa nusu saa na zaidi, hali masikio yake yalikwisha anza kuziba. Tena wasikilizaji wa usiku ule hawakustarehe hata kidogo: jumba lilikuwa baridi sana, programu ilichukua kiasi cha saa nne, na wapigaji hawakuwa wamejizoeza vya kutosha. Basi asidhani mtu kwamba wale wa kwanza waliuelewa muziki huu mara moja kwa kuwa walizaliwa Ulaya.

Pili, aweza kusikia kipande cha Haleluya katika Masihi ya Handel. Kazi hiyo ilisikiwa kwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742, na fedha zilizopatikana zilisaidia wafungwa wa madeni na wagonjwa hospitalini. Kipande hiki kimekwisha ingia nyumbani. Kwaya nyingi za Kenya hukiimba, nao waimbaji hujifunza kwa herufi za do, re, mi bila kusoma mistari mitano ya muziki. Mwanakwaya wa Kaaga, wa Chogoria au wa Kigari aliyepata kuimba sauti yake katika Haleluya hatakuwa mgeni. Atashangaa tu kuona kwamba sauti nne alizozijua zimepambwa kwa fidla, tarumbeta na ngoma.

Tatu, ikiwa watoto wamo, kipo kisa cha Petro na Mbwa Mwitu, alichokitunga Sergei Prokofiev mjini Moscow mwaka 1936. Humo msimulizi hueleza hadithi, na kila mnyama ana chombo chake: ndege ni filimbi, bata ni obo, paka ni klarineti, na mbwa mwitu ni baragumu tatu. Babu mkali hunguruma kwa basuni, nazo bunduki za wawindaji husikika katika ngoma. Watu wa Meru na Embu, ambao wamelea watoto kwa hadithi za sungura na fisi, hawahitaji kuelezwa njia hii ya kufundisha. Mwingereza Benjamin Britten naye alitunga mwaka 1945 kazi ya kuonyesha jamaa za okestra moja baada ya nyingine, akitumia wimbo wa Purcell wa mwaka 1695.

Sasa maneno machache juu ya desturi za jumba. Kabla ya kuanza, obo hutoa sauti moja ndefu, na wapigaji wote huvilinganisha vyombo vyao kwa sauti hiyo. Huo si muziki wenyewe. Ni kama mkulima anayenoa jembe. Kisha kiongozi huingia na kijiti chake. Yeye hapigi chombo chochote, lakini ndiye anayeweka mwendo, na kuonyesha nani aingie, nani apunguze sauti. Simfoni huwa na sehemu kadhaa, mara nyingi nne, na ni desturi kungoja mpaka ya mwisho imalizike ndipo watu wapige makofi. Akipiga mtu makofi mapema, hakutenda kosa la kumfedhehesha. Zamani hata Ulaya watu walishangilia kila sehemu. Asiye na hakika na atazame mikono ya kiongozi: akiishusha na kuwageukia watu, wakati umefika. Simu za mkononi na zizimwe.

Wengine huuliza: kwa nini watu wakae kimya kama mawe, hali katika ngoma kila mtu huimba, hupiga makofi na kucheza? Swali hili ni la haki. Sababu yake ni kwamba okestra kwa kawaida haitumii vipaza sauti. Pana mahali ambapo fidla moja hulia peke yake, chini kuliko mnong'ono, na kikohozi kimoja chaweza kuifunika. Kunyamaza basi si dalili ya unyonge wala ya heshima kwa watu wakubwa. Ni kazi ya msikilizaji, kama vile kuitikia kulivyo kazi yake katika ngoma.

Lakini lipo jambo zito kuliko desturi, nalo halifai kufichwa. Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza lilifunguliwa Nairobi mwezi wa Novemba 1952. Mwezi uliotangulia, tarehe 20 Oktoba, Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi yaliuzingira mji wa Nairobi, na Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa kwa maelfu, wakachujwa, na wengi wakapelekwa kambini. Katika miaka ile mtu wa makabila hayo hakuweza kwenda mjini bila kibali. Kwa hiyo, wakati muziki wa fidla ulipokuwa ukisikika mjini, umbali wa Embu, ambao ni kiasi cha kilometa 130, na wa Meru, ambao wapita kilometa 200, haukuwa umbali wa barabara tu. Mzee wa Runyenjes au wa Nkubu anayeona kwamba jumba la okestra ni nyumba ya watu wengine hakuizua dhana hiyo bila sababu.

Hali ya Hatari iliisha mwaka 1960, na mambo mengi yamegeuka tangu hapo. Chuo cha muziki cha Nairobi, Kenya Conservatoire of Music, kilichoanzishwa mwaka 1944, hufundisha Wakenya wa kila namna. Okestra ya Nairobi, iliyoanza katika miaka hiyo ya 1940, ina wapigaji wengi wanaopiga kwa kujitolea, wakiwa na kazi nyingine za kuwapatia riziki. Na mwaka 2008, katika mtaa wa Korogocho, karibu na jaa kubwa la taka la Dandora, Bibi Elizabeth Njoroge alianzisha mafundisho ya muziki yaitwayo Ghetto Classics. Watoto wa mtaa ule, ambao wazazi wao hawangeweza kununua hata upinde wa fidla, wamepiga katika majumba makubwa. Mfano huu wajibu swali la kama muziki huu ni wa tabaka moja au rangi moja.

Hata hivyo wapo wazee wenye hofu nyingine, nao wastahili kujibiwa kwa adabu. Wao husema: vijana wakifuata fidla, ni nani atakayebana ngoma ya Chuka mapajani? Mwacha mila ni mtumwa. Hofu hii ni ya kweli, maana wamisheni wengi wa zamani walizikataza ngoma, na ujuzi uliokatazwa hautoki kaburini kwa urahisi. Lakini adui wa ngoma si fidla. Adui wake ni aibu. Kijana aliyefundishwa kuona haya kwa ngoma ya babu yake hataipiga, hata kama hakuna okestra nchi nzima. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza katika miaka ya 1920, latoa mfano mwema: shule za Meru na Embu hushindana humo kwa nyimbo za Ulaya na kwa ngoma za asili pia, na mtoto yule yule aweza kuingia katika zote mbili.

Tena muziki wa kijiji na muziki wa jumba hukutana mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Grieg wa Norway aliunywesha muziki wake kwa nyimbo za wakulima wa kwao, na ndiyo sababu muziki wake wapendwa. Hapa Kenya, kamati ya watu watano, wakiwamo Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Thomas Kalume, ilitengeneza wimbo wa taifa kutokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto. Ulipokuja uhuru mwezi wa Desemba 1963, wimbo wa mama wa Mto Tana ulisimamisha taifa zima. Ikiwa wimbo wa Mpokomo waweza kupigwa na bendi ya shaba, hapana sababu mdundo wa Chuka au wimbo wa Mbeere usiandikiwe okestra siku moja. Lakini atakayeuandika sharti ayajue mambo mawili: okestra jinsi inavyofanya kazi, na ngoma jinsi wazee wanavyoipiga. Mtu wa namna hiyo hatapatikana mahali ambapo kimoja kati ya hivyo viwili hakisikiwi.

Basi msikilizaji mpya afanye nini? Kwanza, avisikilize vipande viwili au vitatu nyumbani, kwa redio au kwa simu, mara tatu kila kimoja, kwa sababu sikio hupenda kitu linachokitambua. Pili, katika tamasha lenyewe achague chombo kimoja akifuate kwa macho na masikio tangu mwanzo mpaka mwisho wa kipande. Tatu, aende na mtoto, na wakirudi amwulize mtoto alisikia nini, kabla ya kumwambia yeye mwenyewe alichosikia. Nne, asione lazima kupenda kila kitu. Kipande kikimchosha, aseme kimemchosha; hata wapigaji wana vipande wasivyovipenda.

Wahenga walisema kwamba mgeni hukaribishwa siku mbili, na siku ya tatu hupewa jembe. Ndivyo ilivyo kwa muziki huu. Siku ya kwanza na ya pili mtu wa Meru au Embu ataketi na kusikiliza. Siku ya tatu na aulize ni nani awezaye kumfundisha binti yake fidla, na jioni ya siku hiyo hiyo ampeleke kwa mzee anayejua ngoma.