Ubalozi usio ubalozi

Makamanda, Januari 1, 1979 Marekani iliitambua Beijing na kukata uhusiano rasmi na Taiwan. Kazi za ubalozi zikahamishiwa kwenye taasisi ambayo kisheria ni asasi isiyo ya faida, imesajiliwa Washington. Ujanja mtupu, ndiyo. Lakini Bunge lao halikulala. Sheria iliyosainiwa Aprili mwaka uleule inaamuru kila makubaliano ya taasisi ile yapelekwe bungeni. Serikali ikisema haya ni nyeti kiusalama? Yanakwenda kwa siri kwenye kamati za mambo ya nje, ila yanakwenda!

Sisi je? Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kuridhia mikataba ambayo “kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa”. Na hayo masharti anayakubali nani mezani? Serikali hiyohiyo. Muulizeni mbunge wenu.