Kuihamishia Tovuti Kwenye Jina Jipya

(Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Mwezi wa Novemba 1870 mkoba wa barua za Dk. Livingstone ulipelekwa bara kutoka Zanzibar kwa njia ya misafara. Ulifika Unyanyembe, palipo na mji wa Tabora, ukakaa. Mwenyewe alikuwa mbali zaidi, upande wa magharibi, na mwaka 1871 vita vya Mirambo viliifunga njia ya Ujiji. Barua hizo zilimfikia kwa sababu Stanley aliukuta mkoba Kwihara na kwenda nao Ujiji. Ulikuwa umepita takriban mwaka mzima.

Tovuti iliyobadilisha jina imo katika hali kama hiyo. Anuani wanayoijua watu imebaki nyuma, na mwenyewe yuko kwengine.

Mwaka 2017 zilizinduliwa tovuti za mikoa 26 na halmashauri 185 za Tanzania Bara, majina yake yakiishia .go.tz. Mkaazi wa Ipuli, iliyo miongoni mwa kata za Manispaa ya Tabora, akiona mwisho huo hutambua kuwa ukurasa ni wa Serikali. Hiyo ndiyo faida ya taasisi ya umma kuliacha jina la .com na kuhamia jina la .go.tz. Hata hivyo, faida hiyo haipatikani kwa kusajili jina tu.

Imezoeleka kudhani kuwa kurasa zikishanakiliwa kwenye seva mpya kazi imekwisha. Sivyo. Jina la kale lazima liwekewe uelekezaji wa kudumu, ambao mafundi huujua kwa namba 301, ili kila anayegonga mlango wa zamani apelekwe kwenye mpya. Namba 302 ni ya muda, haifai hapa. Tena kila ukurasa uelekezwe kwenye ukurasa wake. Kuwapeleka wasomaji wote kwenye ukurasa wa mwanzo ni sawa na kuzimwaga barua zote barazani, kila mtu ajitafutie yake. Google hushauri uelekezaji huo udumu kwa mwaka mmoja angalau. Kwa afisi ya umma, ambayo anuani yake imechapwa kwenye fomu, mabango na vitabu vya skuli, mwaka mmoja ni mchache.

Liko jambo zito zaidi. Jina la kikoa hukodiwa, halimilikiwi milele. Ada isipolipwa jina hurudi sokoni na yeyote aweza kulichukua. Huyo mpya hapati nyumba tupu. Hupata pia barua pepe zote zinazoendelea kutumwa huko: maombi ya wananchi, nakala za vyeti, hata ujumbe wa kubadilishia nywila za akaunti zilizofunguliwa kwa anuani ile. Mwananchi atajibiwa na asiyemjua, juu ya jina alilolizoea.

Kwa hiyo, kabla ya kuhama, orodha ya akaunti zote zilizosajiliwa kwa barua pepe ya zamani iandikwe, na kila moja ibadilishwe. Ada ya jina la kale iingizwe kwenye bajeti ya kila mwaka, na jina la mtumishi anayehusika liandikwe kwenye jalada, kwani fundi aliyelisajili jina mara nyingi huwa ameshahamishwa kituo siku ya kulipia ikifika.