Tuhesabu Kilichomo Ndani ya Kituo cha Polisi



Ndugu zangu vijana wa Mombasa, na nyinyi dada zetu, ahsanteni kwa kuja. Wengine mmetoka Kisauni, wengine mmevuka feri kutoka Likoni, wengine mmetoka Jomvu na Changamwe baada ya kazi. Sitawachosha.

Mada yetu ni polisi, na najua neno hilo likitajwa kila mtu ana lake. Kuna aliyebebwa kwenye msako akalala seli bila kuambiwa kosa lake. Kuna aliyevamiwa na vijana wa mapanga, akapiga simu kituoni, akajibiwa kwamba gari halina mafuta. Na mara nyingine ni mtu mmoja huyo huyo, yamempata yote mawili.

Sisi tumezoea kuyatenga. Polisi wakizidi, twapiga kelele tukisema tumeonewa. Wenye mapanga wakiingia mtaani, twapiga kelele nyingine tukitaka polisi waletwe. Mimi nasema haya ni maradhi mamoja, na kipimo chake hakiko kwenye hotuba za wakubwa. Kiko kwenye hesabu: nani amepangwa wapi, pesa ngapi zimefika kituoni, na ndani ya kituo mna nini.

Tuanze na idadi ya watu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti hii. Kisauni 291,930. Likoni 250,358. Nyali 216,577. Jomvu 163,415. Mvita 154,171. Changamwe 131,882. Kuna kipimo kinachotajwa sana, cha polisi mmoja kwa kila watu 450. Tukikishika hicho, kaunti nzima yahitaji kama polisi 2,685. Kisauni peke yake yahitaji karibu 650, na Mvita karibu 343.

Sasa jiulizeni. Kisauni ina watu karibu mara mbili ya Mvita. Je, ukitembea Kisauni usiku waona polisi mara mbili ya wale unaowaona mjini, penye mabenki na maofisi? Mimi sitawajibia. Nyinyi ndio mnaoishi huko.

Halafu, jamani, tusidanganywe na jumla. Polisi aliye kwenye orodha siye polisi aliye barabarani. Mombasa ina bandari, ina uwanja wa ndege, ina mahoteli, ina mabenki, ina wakubwa wanaotembea na walinzi. Wote hao wanachukua polisi. Hebu tufanye mfano wa kubuni. Kituo kina polisi 60. Toa 10 walio likizoni, wagonjwa au mafunzoni. Toa 10 waliopelekwa kulinda watu na majengo. Toa 10 wengine wa meza ya ripoti, seli, ghala la silaha na kusindikiza mahabusu mahakamani. Wamebaki 30. Wagawe kwa zamu tatu. Zamu ya usiku imebaki na watu 10 kwa mitaa yote. Kwa hivyo mkubwa akisimama kwenye baraza akasema "tumeongeza polisi", msipige makofi upesi. Muulizeni: wa zamu ya usiku ni wangapi?

Tuje kwenye pesa. Kwa Katiba yetu, polisi ni kazi ya serikali kuu. Gavana hawaamrishi wala hawalipi mishahara. Pesa zatoka Nairobi. Kwa miaka mingi bajeti ya polisi ilikuwa chini ya Ofisi ya Rais, mpaka Rais Ruto alipotangaza siku ya kuapishwa kwake, tarehe 13 Septemba 2022, kwamba Inspekta Jenerali mwenyewe ndiye atakayekuwa afisa mhasibu. Hiyo ilikuwa hatua nzuri, kwa sababu huwezi kumwambia mtu yuko huru na funguo za sanduku la pesa ziko kwa mwenzake. Lakini sanduku kuhama ofisi moja ya Nairobi likaenda ofisi nyingine ya Nairobi si sawa na pesa kufika Likoni. Swali letu ni hili: OCS wa kituo chako anajua mwaka huu ana shilingi ngapi za mafuta, za karatasi, za chakula cha mahabusu na za kurekebisha choo? Kama hajui, atapangaje kazi? Na kama anajua, kwa nini mwananchi asijue?

Kuna na mkondo wa pili wa pesa, hazina ya maeneo bunge, NG-CDF. Hii inaruhusiwa kujenga vituo vya polisi. Basi utaona mbunge anajenga kituo kidogo, anakata utepe, picha zinapigwa. Lakini mbunge hana uwezo wa kuleta polisi. Kuwapanga na kuwahamisha ni kazi ya wakuu wao. Kama pande mbili hizo hazikukaa pamoja mapema, jengo lapakwa rangi na ndani hamna mtu, hamna redio, hamna gari. Ukuta haulindi mtu.

Tuje kwenye kituo chenyewe. Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011, Jedwali la Tano, inaeleza seli inavyotakiwa kuwa. Iwe safi kiasi cha binadamu kuishi. Iwe na mwangaza, choo na pahali pa kuoga. Wanaume wasichanganywe na wanawake. Watoto wasichanganywe na watu wazima. Hiyo ni sheria, si fadhila ya mtu. Sasa kituo chenye chumba kimoja cha mahabusu kitatii vipi? Mtoto wa miaka 15 akikamatwa usiku atawekwa wapi? Na msichana aliyebakwa akija kuripoti, atasimama kaunta mbele ya watu asimulie yaliyompata, huku wenye kesi za bodaboda wamejipanga nyuma yake wakisikiliza? Chumba cha faragha chaonekana kitu kidogo kwenye bajeti. Lakini kukosekana kwake kunamfanya mwathiriwa arudi nyumbani na mhalifu abaki mtaani.

Na kamera je? Juni 2025, mwalimu kijana aliyekuwa akiandika mitandaoni alikamatwa, na kabla siku mbili hazijapita akafa mikononi mwa polisi katika kituo cha Central, Nairobi. IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi, ilieleza kwamba mfumo wa kamera za kituo ulichezewa. Kesi iko mahakamani, tuiachie mahakama. Lakini funzo tulichukue: kamera ya kituo ni chombo cha haki. Nani anaitunza, picha zake zinahifadhiwa wapi, na kama aliyemo kituoni anaweza kuzifuta, hayo ni maswali ya vifaa na bajeti, na ni maswali ya uhai.

Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri.

Umaskini wa kituo haukai ndani ya kituo. Unamwagikia juu yetu. Upelelezi ni kazi ya gharama. Wataka mpelelezi aliyesoma, mafuta ya kwenda kutafuta mashahidi, mtu wa kuchukua alama za vidole, muda wa kumfuatilia mshukiwa mmoja mpaka ukweli ujulikane. Kituo kisicho na hayo kinafanya kazi ya rahisi. Kinatoa gari moja jioni, kinazoa vijana 40 kwenye maskani, halafu kinatafuta kosa baadaye. Msako ndio upelelezi wa kituo kisicho na kitu. Na ukifanywa Ijumaa jioni ndio balaa, kwa sababu Katiba inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiishia nje ya muda wa mahakama, unangoja siku ya mahakama inayofuata. Yaani Jumatatu. Mama anakuja Jumamosi na uji, na mtoto hajui kosa lake.

Hivyo hivyo na rushwa. Kama kituo hakina mafuta, mlalamishi ataambiwa atoe ya mafuta. Akitoa leo, kesho ataambiwa tena, hata siku ambayo tangi limejaa. Fomu ya P3 ni bure. Bondi ya polisi ni bure. Pesa za dhamana zikitolewa lazima upewe risiti. Yashikeni hayo.

Msinielewe vibaya. Sisemi polisi apige kwa sababu kituo ni maskini. Ukosefu wa mafuta haujamlazimisha mtu kumvunja mwenzake mbavu. Mateso ni haramu kwa Katiba, kituo kiwe na gari kumi au kisiwe na hata moja. Atakayemtesa mtu ashtakiwe yeye kwa jina lake.

Na najua kuna mwenzangu hapa anasema moyoni: sisi tudai pesa za polisi, ili wanunue risasi za kutupigia? Baada ya yaliyotokea Juni 2024 simlaumu anayesema hivyo. Lakini bajeti hupangwa hata usipokuwepo. Usipokwenda, wengine watakwenda, na watadai magari ya maji ya kuwasha na mabomu ya machozi. Wewe nenda ukadai wapelelezi, seli ya watoto, chumba cha faragha, kamera na mafuta ya zamu ya usiku.

Basi mlango uko wapi? Nawapa minne.

Wa kwanza ni kifungu cha 41 cha sheria ile ile ya polisi. Kinaunda Mamlaka ya Polisi ya Kaunti. Mwenyekiti ni gavana, au waziri wake wa kaunti. Wakuu wa polisi wa kaunti wamo. Wawakilishi wa bunge la kaunti wamo. Na wamo angalau wananchi sita: wa biashara, wa mashirika ya kijamii, wa wanawake, wa watu wenye mahitaji maalumu, wa mashirika ya dini, na wa vijana. Nimesema wa vijana. Na moja ya kazi zake ni kusimamia matumizi ya bajeti ya polisi katika kaunti. Mulizeni gavana wenu: mamlaka hii imeundwa? Imekutana lini? Anayekaa kiti cha vijana ni nani, na anakuja lini kutueleza?

Wa pili ni Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Mwananchi yeyote anaweza kuandika barua kuomba habari kwa ofisi ya umma, na ijibiwe ndani ya siku 21. Kama habari yahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Watakwambia ni siri ya usalama. Waambie hatuulizi bunduki zimewekwa wapi. Twauliza magari mangapi yanatembea, na lita ngapi za mafuta kwa mwezi. Wakinyamaza, peleka malalamiko Tume ya Haki ya Utawala, ile tuijuayo kama Ombudsman.

Wa tatu ni kalenda ya bajeti. Mwaka wa pesa huanza tarehe 1 Julai, lakini ukingoja Juni umechelewa. Taarifa ya Sera ya Bajeti hufika bungeni kufikia tarehe 15 Februari, na makadirio kufikia tarehe 30 Aprili. Maoni yetu yaandikwe kabla ya hapo, na mbunge wako ayapokee mkononi.

Wa nne ni IPOA. Wana uwezo wa kisheria wa kukagua vituo vya polisi pamoja na seli. Msiwapelekee habari za kifo pekee. Wapelekeeni habari za choo kibovu na watoto waliochanganywa na watu wazima, kabla hakujafika kifo.

Nataka tutoke hapa na kazi. Kila kaunti ndogo, zote sita, itoe vijana watano, waume kwa wake. Kila kundi liandike barua moja, fupi, ya heshima, yenye maswali matano. Kituo chetu kina polisi wangapi, na zamu ya usiku ni wangapi? Kina magari mangapi yanayotembea? Kimepewa pesa ngapi za mafuta mwaka huu? Kina seli tofauti za wanawake na za watoto? Kina chumba cha faragha kwa waliodhulumiwa? Weka nakala, pigisha muhuri wa kupokelewa, andika tarehe, hesabu siku 21.

Na mkifika kituoni, mwamkueni afisa wa meza kwa adabu. Tangu mabadiliko ya 2018, maafisa wengi walitakiwa kutoka kwenye laini za polisi na kupanga nyumba mitaani kama sisi. Huenda huyo ni jirani yako, na mvua ikinyesha paa lake lavuja kama lako. Afisa mwadilifu atafurahi kusikia mtu akiuliza mafuta yake yako wapi. Atakayekasirika kwa swali hilo, mwandikeni na yeye.

Vijana, anayekaa na amana ya watu huulizwa. Barua ziwe tayari Jumamosi ijayo. Wallahu a'lam.

Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.